Uso Ambao Baba Mkwe Wako Hajauona

Faraja mkwe wangu, Mama Atupele,

Nimekupigia simu mara nyingi, na siwezi kusema hukupokea. Ulipokea. Tatizo ni kwamba ulinijibu kwa ile sauti yako ya kazini. "Shikamoo mama, poleni na baridi ya Mbeya, mzee anaendeleaje, nawaombea." Sauti hiyo naijua, niliizoea kwenye televisheni ukikaribisha wageni, lakini jikoni kwangu hukuwahi kuitumia. Nikikuambia njoo, unasema utaangalia nafasi. Nikimbana mume wako Gwakisa, ananijibu, "Mama, mpe muda." Muda ndio hatuna, na kwa nini hatuna nitakueleza. Kwa hiyo nimekaa hapa Ilomba, blanketi miguuni, nakuandikia, na mpwa wangu ataiweka barua hii mahali ambapo kila mtu ataisoma. Wewe ulitukanwa hadharani, na mimi siwezi kukutetea chumbani.

Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, basi utanivumilia nikianzia mbali.

Unakumbuka siku Gwakisa alipokuleta kwetu mara ya kwanza? Ilikuwa msimu wa baridi, ukaja na viatu vya wazi na tenga la nyanya za Ilula, nusu zikiwa zimepondekea kwenye buti la basi. Ukaingia unamsalimia kila mtu kwa Kihehe, "kamwene, kamwene", hadi jirani yangu akakuitikia "ndaga" ya Kinyakyusa kwa kukuonea huruma. Kisha ukasikia mzee anakohoa sebuleni. Ukanyoosha mkono, ukaenda zako kumwamkia. Shangazi yake Gwakisa alikudaka gauni kwa nyuma kabla hujavuka mlango, akakurudisha jikoni kama anayetoa kuku barazani. Nilikuona macho yamekujaa machozi. Ulidhani umekataliwa.

Nikakukalisha kwenye kigoda nikakueleza. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana hakabiliani na baba mkwe. Hampi mkono, hakai naye sebule moja, hatamki jina lake na hamwonyeshi uso. Naye baba mkwe akisikia upo njiani, anageuza. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa na wakwe zao meza moja na kupiga picha juu yake. Nyumba yetu haikuacha. Mimi mwenyewe kule Tukuyu niliwahi kujitupa kwenye mibuni na ndoo ya maji kichwani kwa sababu baba mkwe wangu alitokea kwenye kona, na maji yote yakaniishia mwilini.

Ulisikiliza mpaka mwisho, halafu ukauliza, "Kwa hiyo mama, nitaishi na mtu bila kumjua?"

"Utamjua," nikakujibu. "Kumwona ndiko hutamwona."

"Na akiugua?"

"Nitamhudumia mimi."

"Na ukiugua wewe?"

Nikakuambia nenda kamenye viazi. 

Ajabu ni kwamba mlijuana kweli. Jiko na sebule yetu vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu, na mzee anapenda mazungumzo. Alianza taratibu. "Mama Gwakisa, muulize mgeni kama kwao mvua zimenyesha." Nawe ukiwa hatua chache kutoka kwake unajibu, "Mama, mwambie baba zimenyesha vizuri." Na mimi katikati, mwiko mkononi, natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Baadaye nilichoka nikatoka nje kuchuma mboga. Niliporudi nikawakuta mnaendelea, yeye anasema "Mama Gwakisa, mwambie", wewe unasema "Mama, mwambie", na mimi simo ndani ya nyumba. Nilisimama uani na kapu langu nikacheka peke yangu.

Kupitia ukuta ule ndiko alikojua maisha yako. Ulimsimulia Ipogolo, pale mabasi yanaposimama kabla ya kupanda mlima kwenda Iringa mjini, na mama yako anauza mahindi ya kuchemsha na mayai kwa abiria. Ulimwambia ulijifunza kazi yako pale ukiwa bado mtoto, kwa kutazama nyuso nyuma ya vioo. Yupi ana njaa lakini anaona aibu kula mbele za watu, yupi ana hela lakini anataka aongeleshwe kwanza. Mzee aliipenda sana habari ile. Alinituma nikuulize mara mbili mbili jinsi ulivyowajua wanaotoka msibani. Ulijibu kwamba hao wanashusha kioo bila kuangalia unauza nini.

Ulimsimulia na redio ya Iringa, walipokupa kusoma salamu na matangazo ya vifo. Siku moja ukasoma tangazo la mtoto wa watu wa Mlandege, sauti ikakukatika katikati, ukanyamaza hewani. Fundi mitambo akaweka wimbo wa dini haraka haraka kukuokoa, na fundi huyo ndiye mwanangu Gwakisa. Meneja wako alikukaripia. Kesho yake watu wakapanga foleni na matangazo yao wakitaka asome yule dada aliyelia. Mzee alipoyasikia hayo alisema kutoka kule sebuleni, "Mama Gwakisa, mwambie mimi nikifa asome yeye."

Televisheni ya Dar es Salaam ilipokuita uendeshe Tukae Chini, tulifurahi sote, na mzee akaingia kwenye mtihani. Kwa anayesoma ambaye hakukiona kipindi hicho, ni kile cha familia zilizogombana. Faraja na watu wa kamera walikwenda kukaa na familia nyumbani kwao, wakala nao, wakaamka nao, na mwishoni wanaotesana wakawekewa viti viwili vinavyotazamana. Kila mara Faraja alisema maneno yale yale. "Mtazame, halafu umwambie."

Kila Jumapili jioni sebule ilijaa majirani wamekuja kukuangalia, na baba mkwe wako anageuza kiti chake kuelekea ukutani. Kipindi kizima anasikiliza, kisogo kwenye televisheni. Mchungaji aliwahi kuingia akamkuta hivyo, akanivuta pembeni kuuliza kama tumegombana. Walipobandika bango lako pale Mwanjelwa, uso mkubwa kuliko lori, mzee akaacha njia yake ya sokoni. Akawa anazungukia nyuma ya maduka ya vitambaa. Mwenye duka mmoja, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Mbeya, akamuuliza, "Mzee wangu, kila siku huku nyuma, unamkimbia nani?"

"Mkwe wangu."

"Yuko wapi?"

Mzee akanyoosha kidole nyuma ya bega lake, bila kugeuka, kuelekea kwenye bango.

Ulicheka sana nilipokusimulia. Na kila kipindi kikiisha ulinipigia kabla hujafuta poda usoni. "Mama, baba amesemaje?" Hukuniuliza nimesemaje mimi, na nilikuonea wivu kidogo, nakuambia ukweli. Sitasahau kipindi cha Usangu, wale ndugu wawili Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao, ambao tangu wagawane mifugo walikuwa hawajala sahani moja. Ulichota maji na wake zao, ukalala kwenye nyumba yao, na siku ya mwisho walipoketi ukajitoa mwenyewe kwenye picha ukawaacha. Hukufungua mdomo. Mzee akaniambia nikupe ujumbe huu: "Leo mkwe wangu hakusema kitu, na ndiyo leo kafanya kazi." Nilikusikia kwenye simu unapenga kamasi.

Halafu kipindi kikabadilika. Wakubwa wako wakataka machozi, wakaanza mambo ya kushtukiza. Yule mama wa Iringa aliyetelekezwa na mumewe mlimwambia kwamba anakuja kuzungumzia watoto wake. Akajiandaa, akavaa gauni lake zuri, akakaa. Mkamletea mume kutoka nyuma ya pazia. Ukasema yale maneno yako. Yule mama akashika meza kwa mikono miwili, mdomo unafunguka na kujifunga, na kamera ikasogea karibu na uso wake mpaka tukaona jasho. Watu walilia nchi nzima, nami nililia. Mzee akaniuliza kutoka kwenye kiti chake, "Alijua kwamba anakuja?" Nikamwambia hakujua. Akainuka, akapapasa nyuma yake mpaka akaipata televisheni, akaizima majirani wakiwa wamejaa.

Uliponipigia nikakupa jibu lake lilivyo. "Amesema yule mama hakuulizwa."

 Ukasema, "Mama, kazi ndivyo ilivyo," na Jumapili iliyofuata hukupiga. Sikukasirika. Niliona umechoka. Hata kwenye televisheni ulikuwa umeanza kukonda shingo.

Sasa ile siku ya kwetu. Nataka niieleze kama nilivyoiona, kwa sababu wanaoizungumzia wote waliiona ikiwa na muziki juu yake.

Wakubwa wako walitaka kipindi cha nyumbani kwa mtangazaji. Ulikubaliana nao na ukakubaliana na sisi. Picha zitapigwa jikoni na kwenye migomba, mzee hataguswa, na siku hiyo atashinda kwa mdogo wake mtaa wa pili. Ulimwahidi kupitia ukuta, nilikuwepo. Asubuhi mkafika na magari na nyaya. Mimi na wewe tukaingia jikoni tunapepeta mchele, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu ulikuwa unacheka kama zamani. Hatukujua kwamba mwongozaji wenu, yule kijana wa kofia, alikuwa amekwenda kwa baba mdogo. Alimwambia mzee kwamba umekwama njiani, hutafika mpaka mchana, na kwamba wangependa neno lake fupi kuhusu familia kabla hujaja. Mzee hajui kumkatalia mgeni. Akavaa koti lake la kanisani, akaja. Wakamketisha uani, wakambana kipaza sauti kifuani. Kulikuwa na kiti kingine mbele yake, akauliza ni cha nani. Wakamwambia ni cha kuwekea taa.

Kisha wakakuita utoke nje na ungo.

Nilikuwa nyuma yako mlangoni. Nilimwona yeye kabla hujamwona wewe, na sikupata muda wa kusema neno. Ulisimama. Ungo ukakuponyoka, mchele ukamwagika hadi kwenye miguu ya wapiga picha. Ukavuta kitenge kichwani, ukachuchumaa palepale, umejikunja uso magotini, kama nilivyokufundisha. Mzee akainuka, akageuka, akaingia kwenye migomba na waya wa kipaza sauti unamning'inia. Na yule kijana, nadhani alikuwa anangoja mkumbatiane, akakuambia polepole kabisa, "Faraja, mtazame."

Nilimwita kwa neno ambalo mwalimu mstaafu hapaswi kulijua. Wakalikata, hamkulisikia.

Ulimwomba asirushe. Ulimwomba ukiwa bado umechuchumaa, mikono umeiunganisha, mimi nimesimama nakuona. Wakarusha. Wapo waliosema umemuuza mkwe wako ili upate watazamaji. Wapo waliokucheka kwamba msomi mzima unajifunika kitenge kama mtu wa karne iliyopita. Makundi hayo mawili hayawezi kuwa sahihi kwa pamoja, lakini walikutukana kwa pamoja. Ukaacha kazi katikati ya msimu, ukamchukua Atupele, ukarudi Ipogolo kwa mama yako. Gwakisa anaponiambia kwamba abiria wanakupiga picha kwa simu kupitia madirisha ya basi wakati unamsaidia mama kuuza, nakosa usingizi.

Hayo yote ningeyaacha yapoe yenyewe. Lililonikalisha hapa ni macho.

Baba mkwe wako ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na sehemu ndogo ya katikati. Akimtazama mtu usoni anauona uso, lakini mikono yake haioni, na mtu akisimama pembeni yake kwake hayupo. Daktari alisema kilichopotea hakirudi. Ametupa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, na nilipomuuliza kitalindwa mpaka lini, akaniambia nisimlazimishe kutaja.

Tuliporudi kutoka hospitali, baba mdogo akaitisha kikao cha ukoo, akasema mbele ya wote kwamba sababu inajulikana. Kaka yake amemtazama mkwe usoni, na macho yamelipa. Wakatikisa vichwa. Na Gwakisa wangu, ambaye tangu utoto hajui kitu cha kunyamazia, akakuletea wewe maneno hayo yote Ipogolo. Tangu hapo ndipo ulipoanza kunijibu kwa sauti ya kazini. Nilimbana mpaka akaniambia ulichomjibu. Ulisema, "Nisije nikammalizia hicho kilichobaki."

Nilikaa kitako sakafuni, mwanangu. 

Nisikilize sasa kama ambavyo hukuwahi kunisikiliza. Daktari alisema ugonjwa huu huanza pembeni, unanyemelea kwa miaka, na mwenyewe hajui. Nikakumbuka. Atupele alikuwa hajaanza kutembea, mzee tayari anamimina chai pembeni ya kikombe na kulaumu meza kwamba imeinama. Alijikwaa ngazi ya kanisa akamlaumu seremala, ilhali ngazi ile ni ya saruji. Alimpita mdogo wake mwenyewe barabarani bila salamu, wakanuniana mwezi mzima. Yote haya yalikuwa kabla ya kamera kuingia uani kwangu. Niliyasema kwenye kikao. Wakaniambia mimi nakutetea kwa kuwa nakupenda. Nakupenda, ndiyo, lakini na meza ilikuwa haijainama.

Halafu juzi nilikuwa namtia matone. Amelaza kichwa kwenye mto, akaniambia, "Mama Gwakisa, mmekaa vikao vyote hivyo na kuna jambo hakuna aliyeniuliza."

"Jambo gani?"

"Kama nilimwona."

Nikasimamisha mkono. "Ulimwona?"

"Niliona kitenge. Cha njano." Akafikiri. "Kilikuwa cha njano, au ni macho yangu?"

"Kilikuwa cha njano."

"Basi ndicho hicho nilichokiona. Uso sikuuona. Alikuwa ameshajifunika."

Faraja, hakukuona. Watu wamekusulubu, ukoo umekuhukumu, wewe umeacha kazi uliyoianza madirishani ukiwa na mahindi kichwani, unajificha na mtoto wako kana kwamba uso wako ni sumu, na mtu mwenyewe hajakuona mpaka leo.

Kesho yake akaniomba nimshike mkono nimpeleke kwa mdogo wake. Nilidhani anakwenda kugombana. Akakaa, akakataa chai, akasema kwa utaratibu kabisa, "Mnasema nimeadhibiwa kwa kumwona mkwe. Mimi sikumwona. Kwa hiyo adhabu nimeshaipata na kosa sijalifanya. Naona ni haki yangu sasa nikalifanye."

Baba mdogo hakujua aangalie wapi. Mimi nilicheka, nisingeweza kujizuia, kisha nikatoka nje nikalia kwenye ukuta wa watu. Kutoka pale nje nikamsikia mzee anaendelea. Akamwambia mwiko huu unawekwa kwa heshima ya baba mkwe, na baba mkwe akitaka kuufungua anao uwezo, akamtaja shangazi yangu mimi, aliyefunguliwa na baba mkwe wake kwa zawadi na maneno mawili, na dunia haikuanguka. Akasema hataki kuingia gizani akiwa amebeba sauti ya mtu isiyo na uso. Baba mdogo akajibu kwamba ukikanyaga geti letu, yeye na sisi basi.

Sitakudanganya kwamba siogopi. Nimekulia ndani ya mwiko huu, nimewafundisha wengine, na mimi ndiye niliyekufundisha wewe kwenye kigoda. Kuna saa naamka najiuliza, je kama wao ndio wanaojua? Je kama kesho yake, baada ya kukuona, jicho lile likafungika, nani atakuambia tena kwamba si wewe, na utaniamini? Nimeomba sana. Sijapata jibu, nimepata tu kwamba mzee kila asubuhi ananiuliza kama umepiga simu.

Kwa kuwa kwetu umefungiwa geti, tunakuja sisi. Jumamosi tunapanda basi la asubuhi, mimi na yeye, tunashuka Ipogolo. Najua hakuna baba mkwe anayemfuata mkwe wake kwao, na tutasemwa kuanzia stendi ya hapa. Wasome na hili, waanze mapema. Mwambie mama yako asihangaike na chakula, mzee siku hizi anakula kidogo, ila mahindi atayataka. Simu zote ziwe ndani. Na kama moyo wako unakataa, mwambie mama yako atuambie haupo. Tutakunywa maji, tutambeba Atupele, tutarudi, na sitakununia. Nakuahidi kama mzazi.

Lakini ukikubali, nikupe maelekezo, maana mimi ndiye ninayeishi na macho yale. Mwanga mkali unamwumiza, kwa hiyo simama kwenye kivuli. Usisimame pembeni, pembeni hayupo mtu kwake. Simama mbele yake kabisa, karibu kuliko unavyodhani ni adabu. Usijifunike, na usimwambie kitu kwanza. Huwa anahangaika kidogo kuutafuta uso wa mtu, anapita juu, anapita chini, na wageni wakiona hivyo hudhani hawataki wakaondoka. Wewe usiondoke, mwanangu. Mngoje aupate.

Ubaki salama mpaka Jumamosi,

Mama mkwe wako, bibi yake Atupele.